Mlango Usiotetemeka

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeamua. Gari langu litakuwa kimya kuliko gari lolote hapa Daejeon. Si kimya cha kukosa sauti, bali kimya cha kuipa sauti mahali pa kukaa. Wataalamu watanielewa.

Chanzo ni Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuzuru makaburi ya wazee. Wiki iliyopita tulikwenda Okcheon kwa wakwe zangu, na ulipofika wakati wa kwenda makaburini, Baba Mkwe alikuta magari mawili uani. Langu, ambalo nililiosha tangu asubuhi. Na lori dogo la Kwak la kuuzia kabichi, lenye tope mpaka kwenye vioo. Akapanda lori. Tena kwa taabu, magoti yake hayamtaki, ikabidi Kwak amsukume kwa nyuma. Kisha akatupungia mkono dirishani kama bwana harusi.

Kwak ni mwanyumba wangu. Alimwoa dada mkubwa wa mke wangu miaka sita tu iliyopita. Ana miaka arobaini na moja, mimi arobaini na sita. Lakini kwa kuwa mkewe ndiye mkubwa, mimi namwita kaka na yeye ananiita ndugu. Nilipokuwa jeshini, huyu kaka yangu alikuwa bado anavaa sare ya shule.

Hilo nimelimeza. Lisilomezeka ni hili: Baba Mkwe anamwita "Mkwe Kwak". Tangu siku ya kwanza. Mimi nina miaka ishirini katika ukoo huu, nimewaletea mjukuu, na mpaka leo naitwa "yule wa Busan".

Jumamosi ya tarehe 21 Baba Mkwe anatimiza miaka sabini. Tutakwenda wote bandari ya Namdang kula kamba wa kuchomwa juu ya chumvi. Mwendo wa saa mbili. Safari hii atapanda langu, na humo ndani atausikia wimbo wake.

Ndiyo, Baba Mkwe aliwahi kurekodi wimbo. Mmoja tu, akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu. "Mvua Kituoni Iwon." Alimwimbia marehemu Mama Mkwe kabla hawajaoana. Haukuvuma, akarudi kulima zabibu. Atausikia ndani ya gari langu, kila chombo mahali pake, na ataniita Mkwe Cheon. Sioni atakavyokwepa.

Jumapili, 8 Oktoba

Mzigo umefika. Shuka za mpira mzito, mgongoni zina karatasi ya fedha kama ile ya kufungia wali wa kimbap. Unaibandika kwenye bati, unaikandamiza kwa rola, bati linaacha kutetemeka. Bati likinyamaza, spika inapata nafasi ya kusema. Kazi ya akili, lakini nyepesi.

Nimefungua mlango wa kwanza. Kava lake limeshikwa na vibanio kumi vya plastiki. Vinane vimekatika. Ni vya zamani, havikuwa na maisha.

Shuka zinataka joto kidogo ili zishike. Nilitumia mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Ilifanya kazi vizuri sana kwa mlango mmoja na nusu. Boran aliposikia harufu alishuka chini, nywele zimelowa, akatazama mashine, akatazama mlango, akanitazama mimi. Akasema, "Baba Harin, hiyo nimeinunua juzi tu." Nikamweleza kwamba kila jambo kubwa lina gharama zake. Akasema hilo jambo kubwa limvalie yeye kofia kazini.

Milango miwili imekwisha. Nimeigonga kwa kidole. Zamani ilisema "ting". Sasa inasema "dup". Nilisimama pale nikagonga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikukuu. Mchana kutwa niko kwenye gari.

Leo paa. Shuka zilianza kupungua, lakini nikakumbuka stoo kuna mkeka mnene wa sponji wenye picha za wanyama aliokuwa akichezea Harin utotoni, ule tuliotandika kuwatuliza majirani wa chini. Nimeukata na kuubandika darini. Kitambaa cha dari hakikukubali kurudi juu yake, kwa hiyo sasa abiria akitazama juu anaona tembo, twiga na sehemu ya kiboko. Nimempigia Harin Seoul kumweleza. Akaniuliza kama niko sawa.

Halafu nikampigia Baba Mkwe. Nikamwambia siku ya sherehe nitampitia na gari langu. Kimya kirefu. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema zabibu za mwaka huu zimekuwa tamu. Nikauliza, kwa hiyo nikupitie? Akasema na mvua nayo haikuwa mbaya.

Nimechukulia kwamba amekubali. Boran anadai kwao, mkoa wa Chungcheong, mtu haambiwi hapana, anaambiwa habari za mazao. Anasema baba yake akitamka "si vibaya", maana yake ni vibaya, na akitamka "usijisumbue" basi umeshachelewa. Sisi wa Busan tukisema tamu, ni tamu. Nitamwamini Baba kama alivyosema.

Jumatano, 11 Oktoba

Kaka Kwak kaja kutuletea kabichi za achari ya kimchi. Nimemsikia akiwa bado barabara kuu. Lile lori ni aibu. Mlango wa kulia, wa abiria, umelegea, spika yake imefungwa kwa waya, na akiweka wimbo mlango mzima unanguruma kama mtungi wa gesi uliodondoshwa ngazini. Humo ndimo anamobebea mzee wa watu.

Nikamwonyesha kazi yangu. Akagonga mlango, akakuna kichwa, akasema, "Ndugu, hili mbona limekuwa sefu la benki?" Nikamshukuru. Akaketi kiti cha mbele, akafunga mlango, akatoka haraka akisema masikio yamemziba.

Akauliza kama ni kweli Baba atakaa humo siku ile. Nikasema ni kweli. Akaanza maneno, sijui lakini Baba, unajua Baba hupenda mlango wa... Nikamkata hapo hapo. Nilijua anakokwenda. Anatafuta njia ya kumrudisha mzee kwenye lori. Nikamwambia kwa heshima zote, kaka, siku moja tu niachie. Akanitazama kwa huruma nisiyoielewa, akasema sawa ndugu, mchukue wewe wakati wa kwenda.

Ushindi. Wala sikutoka jasho. Kabichi ni nzuri, lazima niseme.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nimepata ushahidi kwamba ukimya umefika ngazi ya juu. Nauandika kwa utulivu ingawa shati langu bado lina chenga za povu jeupe.

Mtaa wetu ni wa majengo ya zamani, nafasi za magari hazitoshi. Kwa hiyo unaegesha mbele ya gari la mwenzio, unaacha gia huru, hufungi breki ya mkono, unaacha namba yako ya simu kioo cha mbele. Mwenye gari la ndani akitaka kutoka anasukuma lako pembeni. Hata akina bibi wanasukuma. Hakuna anayelalamika.

Nilirudi kutoka kazini saa tisa. Mimi nafundisha udereva, darasa langu ni la asubuhi na mchana. Nikaegesha mbele ya gari la Bi Pyo wa nyumba namba 302, gia huru kama raia mwema, nikalaza kiti, nikaweka muziki, nikafumba macho. Vioo vyangu ni vyeusi. Simu niliizima sauti ili isiharibu jaribio.

Baada ya nyimbo mbili nilianza kuelea. Sitii chumvi. Nilihisi mwili mzima unabebwa taratibu kwenda mbele. Nikajua ndiyo ile hali, muziki unapokuwa safi mpaka mtu anatoka ndani ya nafsi yake. Machozi yalinilengalenga. Kisha nikahisi nateremka, kasi ikaongezeka, na hapo kila kitu kikawa cheupe.

Nilikuwa nimeingia kwenye lundo la maboksi ya povu. Alhamisi ni siku ya kutoa taka za kuchakatwa.

Kumbe Bi Pyo alinipigia simu mara kumi na moja. Akagonga dirisha. Akamwita Mzee Gu mlinzi, naye akagonga. Wakaanza kusukuma, gari halikutikisika. Wakamwongeza mleta barua. Bado. Wakamwongeza mtu aliyekuja kutengeneza lifti. Ndipo likaanza kwenda, na likishaanza, kwa uzito ule, hakuna wa kulishika. Nilipofungua mlango wote wanne walipiga kelele. Bi Pyo alikaa chini. Akaniambia, "Miaka kumi na minane nasukuma magari ya watu hapa, sijawahi kusukuma yenye mtu ndani anatabasamu."

Nimepanga maboksi mpaka saa kumi na moja. Mzee Gu amebandika tangazo kwenye lifti: gari lisiloweza kusukumwa na wanawake wawili lisiegeshwe mbele ya jingine. Halikutaja jina. Halikuhitaji.

Lakini fikiri. Watu wanne wamegonga na kusukuma na sikusikia hata mmoja. Kazi gani ya kulipwa ingefanya hivyo?

Jumapili, 15 Oktoba

Nimegundua adui wa mwisho. Chini ya kila mlango kuna vishimo vidogo. Upepo unapita humo, na sauti ya chini ya spika inavuja humo. Sijui aliyeunda gari alikuwa na haraka gani. Nimeviziba vyote. Sasa kila mlango ni boksi lililofungwa kabisa, na ngoma zinapiga kama ziko mapajani mwangu.

Sasa naegesha nje, ukutani mwa shule, kwa sababu ya lile tangazo. Ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Afya pia ni muhimu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua kubwa tangu asubuhi. Gari liko nje. Halivuji hata tone. Nilijua vile vishimo vilikuwa upuuzi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimepata wimbo! Boran alikuwa na ile kaseti ya baba yake ndani ya sanduku la picha. Nimempelekea jamaa wa studio karibu na soko, ameuhamisha na kuusafisha. Tumeusikiliza garini, mimi na Boran. Kodiani inaingia, mvua, kisha sauti ya kijana. Sauti nyembamba, ya kweli, ina woga kidogo. Pale anaposema treni ya mwisho imepita na mwavuli ni mmoja, hata mimi nilishika usukani kwa nguvu. Boran alilia waziwazi.

Kisha akanishika mkono akasema kuna jambo nilipaswa kulijua zamani. Baba hasikii. Si kwamba hasikii kidogo. Miaka miwili sasa masikio yamekuwa yakifa, na tangu mwaka huu uanze hayajabaki na kitu. Kile chombo cha masikioni alikivaa siku moja, akakiweka kwenye droo na soksi. Aliwakataza binti zake wasiniambie. Hakutaka yule wa Busan amhurumie. Kwak ndiye aliyegundua mwenyewe.

Nilihuzunika. Nasema kweli, nilikaa pale nikaona uchungu. Mtu aliyeimba vile, asijisikie tena. Nikakumbuka nilivyompigia kelele kwenye simu na zile zabibu.

Boran akaniuliza, kwa upole sana, kama bado ni lazima asafiri na sisi. Nikamwambia sasa ndiyo lazima zaidi. Mwenye macho mabovu humwongezei giza, unamwongezea taa. Mwenye masikio mabovu unamwondolea kelele. Kama kuna mtu Korea nzima anayehitaji gari hili, ni yeye. Boran alitazama darini, kwa tembo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siku kubwa. Naiandika yote kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi tuko Okcheon. Baba Mkwe katoka na suti ya kijivu na kofia mpya. Akatazama gari langu, akatazama lori. Kaka Kwak, namshukuru kwa hili, akamwonyesha kwa mkono apande la kwangu. Mzee akapumua kwa nguvu akapanda. Nilifunga mlango mwenyewe. "Dup."

Tulipoingia barabara kuu niliweka wimbo. Nilimwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa: BABA, NI WIMBO WAKO. Akasoma. Uso ukabadilika wote. Akavua kofia.

Kisha akaanza kukagua kazi. Aliweka kiganja kwenye mlango, akakiacha hapo. Akakihamisha chini kwenye spika. Akakiweka kwenye dashibodi, akakirudisha mlangoni, akajaribu kioo, akajaribu mpaka mguu wa kiti. Fundi wa kweli hukagua hivyo, hakubali kuambiwa tu. Popote alipogusa, palikuwa pametulia tuli. Nilivimba kichwa.

Akasema redio imeharibika. Nikaongeza sauti. Akasema tena, polepole, kwamba huenda waya umekatika. Nikaongeza mpaka mwisho. Boran nyuma aliziba masikio yake, na kioo cha kutazamia nyuma kikaanguka mapajani mwangu. Mlango wa Baba haukutikisika hata kwa unywele.

Akavaa kofia yake. Akakunja mikono. Baada ya kilomita nyingi akasema, "Gari limetulia hili. Mtu akifia humu, wanaweza kufika naye mpaka Seoul hajajua." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu wa Chungcheong. Boran akasema hiyo haikuwa sifa.

Palikuwa na kasoro moja ndogo. Kila tukikata kona, ndani ya mlango kulikuwa na kitu kinaenda na kurudi. Tuliposimama kwenye kituo cha mapumziko, spika ya upande wake ilitema maji, kama sufuria mbili hivi, yote kwenye kiatu chake. Ni ile mvua ya Alhamisi. Inaonekana iliingia kupitia juu, kandokando ya kioo, ikakosa pa kutokea. Baba Mkwe alitazama kiatu, akatazama mlango, akaniuliza, "Humu unafuga kambare au samaki wa mapambo?" Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini wale ndivyo walivyo.

Namdang. Tumekula kamba, chumvi inapasuka juu ya moto, pombe ya soju, keki yenye mishumaa saba mirefu, mmoja kwa kila miaka kumi. Shemeji, mke wa Kwak, alimtolea vichwa vya kamba akavikaanga vikavu, mzee akala vyote. Nikasimama kuhutubia. Nilikuwa katikati ya sehemu ya pili ya hotuba nilipoona kiti chake ni kitupu.

Nilimkuta kwenye uwanja wa magari. Alikuwa ndani ya lori, upande wa abiria, soksi zimeanikwa kwenye dashibodi. Kaka Kwak yuko kwenye usukani, hafanyi lolote, anamenya chungwa. Na kaseti inacheza, nakala nyingine aliyokuwa nayo mkewe. Wimbo ni huo huo, lakini umechakaa, spika imefungwa kwa waya, na mlango mzima unanguruma mpaka kufuli linagongana.

Baba Mkwe alikuwa ameulalia ule mlango. Kiganja wazi juu ya bati, shavu kwenye kioo, macho yamefumbwa. Na alikuwa anaimba. Anaimba kwa sauti, mbele ya watu wanaopita na ndoo za samaki, kitu ambacho hajakifanya tangu Mama Mkwe afariki. Hakukosea pigo hata moja. Kodiani ilipoingia na yeye aliingia. Penye mwavuli mmoja machozi yalimtoka, akaendelea kuimba hivyo hivyo.

Boran na dada yake walikuwa wamesimama nyuma yangu, wameshikana. Shemeji akaniambia kwamba miaka miwili hii kila wiki Kwak hupita Okcheon kumchukua mzee, huzunguka naye tu, aweke mkono hapo. Bati likitetemeka anaufuata wimbo. "Anausikia kwa mkono," akasema. "Ndiyo maana Kwak hataki kukaza ule mlango." Na Boran akaniuliza kama nimeelewa.

Nimeelewa. Nani asingeelewa? Kama mkono wa mzee unaweza kusikia kiasi kile kwenye bati bovu linalopiga kelele namna ile, je, ungesikia kiasi gani kwenye mlango uliotulia?

Wakati wa kurudi alinijia mwenyewe. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mkwe Cheon. Umefanya kazi kubwa, umechoka. Mimi nitarudi na lori, wewe usijisumbue."

Mkwe Cheon.

Miaka ishirini. Nilirudi mpaka Daejeon nikiendesha huku nalia, na ndani ya lile gari hapakusikika kitu kingine. Boran alinipa leso. Akasema baba yake amenipenda leo, kweli, kwa kuwa ameona nilivyohangaika kwa ajili yake, na sasa ananiomba nipumzike. Nilimwahidi nitapumzika.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimepumzika jana nzima.

Mtu akishaitwa mkwe, ana wajibu. Siwezi kumwacha Baba anaendelea kusikia wimbo wake kupitia takataka. Kwenye gari langu hataki kupanda, ni adabu yake, hataki kunichosha. Basi ukimya nimpelekee huko huko anakopanda.

Leo Kaka Kwak yuko kwa daktari wa meno mtaani kwetu. Kaacha lori kwenye maegesho, funguo kwa Mzee Gu. Kesho asubuhi anakwenda Okcheon kumchukua Baba. Nimeomba ruhusa kazini. Boran yuko dukani, sijamwambia, itakuwa zawadi kwa wote.

Nimeifungua ile milango miwili. Hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Nimekata wote ule waya, nimeweka spika mpya na skrubu sita. Nimekaza bawaba, nimekaza kufuli, nimeweka mpira pembeni zote. Upande wa Kwak nimebandika tabaka moja, inamtosha. Vishimo vya chini nimeviacha wazi, maana mimi si mtu wa kurudia kosa.

Upande wa Baba nimeweka tabaka tatu. Nimeweka kiganja changu pale pale anapoweka chake, wimbo ukiwa juu kabisa. Hakuna kitu. Mlango umetulia kabisa.